Vijidudu Vyenye Koti: Kwa Nini Chembe Nyeupe za Damu Hushindwa Kuvimeza



Miaka mingi iliyopita, nikiwa zamu ya usiku katika wodi ya watoto, aliletwa mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Alikuwa na selimundu, ugonjwa ambao wengine huuita siko seli. Homa ilikuwa imemwanza mchana ule ule baada ya chakula. Kufika saa nne za usiku hakuwa akimtambua mama yake. Tulimwekea dripu, tukamchoma sindano za dawa, daktari akaitwa kutoka nyumbani kwake. Kabla ya mapambazuko mtoto alifariki.

Mama yule nilimfahamu. Mimi mwenyewe ndiye niliyempa vidonge vya penisilini kliniki na kumwagiza ampe mtoto asubuhi na jioni, kila siku. Asubuhi ile nilimkuta amekaa barazani. Akaniambia, "Sista, mtoto alikuwa anacheza vizuri tu. Nikajiuliza, mtoto mzima anameza dawa ya nini? Nikaacha."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemwambia la kufanya, lakini sikumweleza sababu. Somo letu la mwezi huu ni ile sababu. Lina maneno machache magumu, lakini tukienda polepole kila mzazi atalielewa.

WALINZI WANAOKULA

Ukichukua tone dogo mno la damu, lenye ujazo wa milimita moja ya mchemraba, ndani yake zimo chembe nyekundu zipatazo milioni 4 hadi 5. Zimo pia chembe nyeupe, kwa kawaida kati ya 4,000 na 11,000 kwa mtu mzima. Hizi nyeupe ndizo walinzi wa mwili. Baadhi yake hufanya kazi kwa njia ya ajabu: huvimeza vijidudu vikiwa hai.

Aliyegundua jambo hili ni mtaalamu wa elimu ya viumbe, Elie Metchnikoff, mwaka 1882, akiwa Messina katika kisiwa cha Sicily, Italia. Alichukua vitoto vya kiti cha pwani, mnyama wa baharini ambaye mwili wake unapenya mwanga, akavichoma kwa miiba midogo. Kesho yake alitazama kwa hadubini akakuta chembe zimeuzunguka kila mwiba. Akatambua kwamba mwili una chembe zinazokimbilia adui na kumla. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Chembe nyeupe hufanyaje? Hukikaribia kijidudu, hukigusa, hukizungushia mwili wake laini kama mtu anavyokunja kiganja, kisha hukifungia ndani katika kifuko. Humo hukimwagia sumu na vimeng'enya mpaka kife. Wakati mwingine na mlinzi naye hufa. Usaha unaouona katika jipu, kwa sehemu kubwa, ni mizoga ya walinzi hao.

Lakini angalia neno moja: hukigusa. Chembe nyeupe haina macho. Hutambua adui kwa kupapasa ngozi yake. Vitu vilivyo juu ya ngozi ya kijidudu ambavyo mwili huvitambua kuwa ni vigeni huitwa antijeni. Kwa hiyo, kumezwa au kutomezwa kwa kijidudu hutegemea sana amevaa nini.

KAMBALE NA MAJIVU

Akina mama wanaoishi karibu na ziwa au mto wanamjua kambale. Hana magamba. Ngozi yake ina utelezi, ukimshika anaponyoka. Mpishi hufanyaje? Huchukua majivu, humpaka. Sasa mkono unashika.

Kipo kijidudu kinachofanana na kambale, kiitwacho numokoka. Ni kidogo sana: vijidudu 1,000 hivi vikipangwa mstari mmoja ndipo vinafikia urefu wa milimita moja. Kiligunduliwa mwaka 1881 na watu wawili, Louis Pasteur wa Ufaransa na George Sternberg wa Marekani, kila mmoja kwa upande wake. Numokoka hukaa puani na kooni mwa watoto wengi bila kuwadhuru. Lakini kikishuka mapafuni huleta kichomi, yaani nimonia. Kikiingia katika damu huitia sumu. Kikifika kwenye utando wa ubongo huleta homa ya uti wa mgongo.

Numokoka huvaa koti nene lililotengenezwa kwa sukari nyingi zilizoungana kama shanga katika uzi. Si sukari ya chai, ni ya jamii nyingine, nayo ina utelezi. Koti hilo huitwa kapsuli. Chembe nyeupe ikigusa, haipati pa kushika.

Je, mwili hauna majivu? Unayo. Mwaka 1903, huko London, daktari Almroth Wright na mwenzake Stewart Douglas walionyesha kwamba majimaji ya damu yana vitu vinavyovishika vijidudu na kuviandaa vimezwe. Wright aliviita opsonini, jina lililotokana na neno la Kigiriki linalohusu kuandaa chakula. Sisi tungesema vinakitayarisha kitoweo. Leo tunajua kwamba majivu hayo ni ya aina mbili kubwa. Ya kwanza ni kingamwili, ambazo mwili huzitengeneza kwa kila adui peke yake. Ya pili ni kundi la protini za damu liitwalo komplimenti, ambalo liko tayari wakati wote.

Kingamwili ina umbo kama la herufi Y. Mikono yake miwili hushika antijeni ya kijidudu, na mkia wake hubaki nje. Chembe nyeupe ina vishikio vinavyolingana na mkia huo. Hivyo kingamwili ni kama mpini: bila mpini mlinzi hashiki, na kwa mpini anavuta na kumeza.

Sasa tazama ujanja wa koti. Mwili unaweza kuwa na kingamwili za kushika ukuta wa kijidudu ulio chini ya koti. Zitapenya na kuushika, lakini mipini yake itabaki imefunikwa na koti, na chembe nyeupe haitaifikia. Ni kama kumpaka kambale majivu kisha kumfunga tena ndani ya mfuko wa nailoni wenye mafuta. Kingamwili zinazofaa zaidi ni zile zinazolishika koti lenyewe, kwa nje.

PANYA WA LONDON

Huenda msomaji akauliza, tunajuaje kwamba kosa ni la koti? Ushahidi ni wa zamani na ni wazi.

Mwaka 1928 daktari Frederick Griffith wa Uingereza aliandika habari za numokoka wa namna mbili. Wa kwanza walikuwa na koti, na makundi yao yalionekana laini yakikuzwa maabara. Wa pili walikuwa wamepoteza koti, na makundi yao yalionekana kama yamekwaruzwa. Alipowachoma panya kwa wale wenye koti, panya walikufa. Alipowachoma wengine kwa wale wasio na koti, panya waliishi. Kijidudu ni kile kile, tofauti ni vazi.

Kisha akaua wenye koti kwa joto, akawachanganya na wasio na koti walio hai. Panya walikufa, na ndani ya damu yao alikuta numokoka hai wenye koti. Walio uchi walikuwa wamejifunza kushona koti kutoka kwa wafu! Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake huko New York walionyesha kwamba kilichobeba ujuzi huo ni DNA, ile asili ya urithi ambayo leo hutajwa hata mahakamani.

Avery huyo huyo, pamoja na René Dubos, alikuwa amefanya jambo jingine mwaka 1930. Walipata katika udongo bakteria anayetoa kimeng'enya cha kuyeyusha koti la numokoka wa aina ya tatu. Kimeng'enya hicho hakimuui numokoka, humvua nguo tu. Walipowapa panya wagonjwa kimeng'enya hicho, chembe nyeupe za panya ziliwameza numokoka waliovuliwa, na panya wakapona. Hapo hakuna ubishi tena.

MAKOTI ZAIDI YA 100

Kama ni hivyo, kwa nini mtu akiugua nimonia mara moja asipate kinga ya maisha? Sababu ni kwamba numokoka hawana koti la namna moja. Leo zinajulikana aina zaidi ya 100 za makoti, na kingamwili ya koti moja mara nyingi hailishiki koti jingine.

Jambo hili liliwasumbua sana watu wa kwanza waliojaribu kutengeneza chanjo. Mwaka 1911 Wright alikwenda Afrika ya Kusini, ambako wachimbaji wa dhahabu, wengi wao vijana waliotoka nchi za joto, walikuwa wakifa kwa nimonia kambini. Aliwachanja kwa numokoka waliouawa, bila kutenganisha aina za makoti. Matokeo hayakuridhisha. Miaka ya 1970, katika migodi ya nchi hiyo hiyo, Robert Austrian wa Marekani alijaribu chanjo iliyotengenezwa kwa makoti matupu ya aina kadhaa zilizochaguliwa. Safari hii wachimbaji walikingwa. Tusisahau kwamba elimu hii tunayoifaidi ilipatikana kwa miili ya wafanyakazi Waafrika waliokuwa wakiishi kwa kubanana katika mabweni.

MTOTO MDOGO NA SUKARI ISIYOMSHTUA

Chanjo ya koti tupu iliwasaidia watu wazima, lakini haikuwafaa watoto walio chini ya miaka miwili, na hao ndio wanaokufa zaidi. Mwili wa mtoto mchanga hauishtukii sukari ya koti ikiwa peke yake. Huiona, lakini hautengenezi kingamwili za kutosha wala hauweki kumbukumbu.

Katika miezi ya mwanzo mtoto hutumia kingamwili alizopewa na mama yake kupitia kondo la nyuma, na maziwa ya mama humwongezea ulinzi. Lakini zile za kondo hupungua mwezi hadi mwezi. Kinabaki kipindi cha hatari: akiba ya mama imekwisha, na mtoto hajaweza kujitengenezea yake.

Wataalamu waliitatua shida hii kwa kuiunganisha sukari ya koti na protini ambayo mwili wa mtoto huishtukia. Ni kama mtoto anayekataa mboga ikiwa peke yake, lakini ukiichanganya na ugali anakula. Njia hii ilionyeshwa kwa sungura tangu mwaka 1931, ila ilichukua miaka mingi kufika kwa binadamu. Chanjo ya namna hii dhidi ya numokoka ilianza kutumika Marekani mwaka 2000. Kenya iliingiza katika ratiba yake mwaka 2011, na Tanzania inaitoa tangu mwaka 2013. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walifuatilia watoto kwa miaka mingi. Waliona kwamba magonjwa makali ya numokoka wa aina zilizomo katika chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto walio chini ya miaka mitano.

Katika kadi ya kliniki ya Tanzania utaiona imeandikwa PCV. Hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Siku hizo hizo hupata pentavalenti, ambayo ndani yake imo kinga ya kijidudu kingine chenye koti, kiitwacho Hib, kinacholeta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Mama anayesema "amekwisha chomwa mara moja, inatosha" anamwacha mwanawe na majivu machache. Dozi tatu zina sababu yake.

BANDAMA, CHUJIO LA DAMU

Sasa turudi kwa yule mtoto wa miaka mitatu.

Upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu, kuna bandama, ambalo wengine huliita wengu. Damu hupita humo polepole katika vijia vyembamba, na kandokando yake zimesimama chembe nyeupe kubwa. Kijidudu chenye koti, ambacho hakikupakwa majivu ya kutosha na kimewakwepa walinzi mahali pengine, hukamatwa hapo. Tena bandama hutengeneza haraka kingamwili za kwanza za kushika makoti.

Kwa mtoto mwenye selimundu, chembe nyekundu hujikunja kama mundu na kuziba vile vijia. Bandama hukosa damu, hufa kidogo kidogo. Kwa watoto wengi uharibifu huanza tangu mwaka wa kwanza, na kufikia miaka mitano mara nyingi halifanyi kazi tena. Kwa nje mtoto anacheza na kula vizuri. Kwa ndani chujio halipo. Numokoka akiingia katika damu ya mtoto huyo anaongezeka bila kizuizi, na homa iliyoanza mchana inaweza kumwua usiku.

Ndiyo sababu ya vidonge vya penisilini. Vinakaa katika damu kumsubiri mgeni, vikishika zamu ya bandama lililokufa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kwamba watoto wenye selimundu waliopewa penisilini mara mbili kila siku walipata maambukizo makali ya numokoka pungufu kwa asilimia 84 kuliko wale ambao hawakupewa. Dawa hii hutolewa angalau mpaka mtoto atimize miaka mitano. Hapewi kwa kuwa anaumwa. Anapewa ili ule usiku usifike.

Hili ndilo ambalo ningemwambia yule mama.

HILA NYINGINE ZA VIJIDUDU

Koti si hila pekee. Bakteria wa homa ya matumbo naye huvaa koti jembamba, liitwalo Vi, na ipo chanjo iliyotengenezwa kwa koti hilo. Stafilokoka, anayeleta majipu, ana protini inayoishika kingamwili kwa mkia badala ya mikono, ukawa mpini umegeuzwa na mlinzi hapati pa kushika. Streptokoka wa koo ana protini juu ya ngozi yake iitwayo M, inayozuia komplimenti isimpake. Sehemu za streptokoka huyo hufanana na sehemu za moyo wetu, hivyo kingamwili zilizotengenezwa dhidi yake zinaweza kuushambulia moyo. Ndiyo maana mtoto mwenye koo lenye usaha na homa apelekwe kutibiwa, asiachiwe maji ya chumvi tu.

Naye mdudu wa kifua kikuu ana njia yake. Anakubali kumezwa, kisha anaishi ndani ya tumbo la mlinzi kama mwizi aliyejificha kituo cha polisi. Habari zake zinahitaji somo zima.

NYUMBANI TUFANYE NINI?

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 700,000 walio chini ya miaka mitano duniani. Basi tuyashike haya:

1. Tazama kadi ya mtoto leo. Kama dozi imeruka, nenda kliniki. Usione aibu, nesi atakuonyesha namna ya kuendelea.

2. Nyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Moshi wa kuni usikae chumba anacholala mtoto.

3. Jifunze kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, hesabu kwa dakika moja kamili. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 mpaka 11, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 mpaka 5, ni 40 au zaidi. Mpeleke kituo cha afya.

4. Mtoto ambaye kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, au ana degedege, au midomo imekuwa ya buluu, au haamki vizuri, apelekwe hospitali saa ile ile.

5. Mtoto mwenye selimundu akipata homa, usingoje asubuhi, wala usianze na dawa za dukani. Mwambie mhudumu mlangoni: "Huyu ana selimundu." Dozi ya penisilini apangiwe na daktari. Kama penisilini inamdhuru, ipo dawa nyingine. Aliyeondolewa bandama kwa ajali au upasuaji naye ni hivyo hivyo.

6. Maliza dozi ya antibiotiki uliyopewa, wala usimgawie jirani. Numokoka wamekwisha zoea baadhi ya dawa kwa sababu ya matumizi ya ovyo.

7. Kama katika ukoo wenu yupo mwenye selimundu, mtoto mchanga apimwe mapema. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaliwa watoto wengi wenye ugonjwa huu duniani.

Nanyi wauguzi wenzangu mnaosoma ukurasa huu, nawaomba jambo moja. Foleni ni ndefu, najua. Lakini dakika tatu za kueleza sababu si dakika zilizopotea. Mama yule alipata mtoto mwingine baadaye, wa kike, naye ana selimundu. Safari ile nilimkalisha nikamweleza habari za kambale na majivu. Hakukosa kidonge hata siku moja, na binti yule amekwisha vuka miaka mitano.

MASWALI YA KUJIKUMBUSHA

1. Antijeni ni nini, nayo hukaa sehemu gani ya kijidudu?
2. Kwa nini numokoka asiye na koti hakuwaua panya wa Griffith?
3. Kingamwili inayoshika ukuta ulio chini ya koti ina upungufu gani?
4. Jirani yako amemwachisha penisilini mwanawe mwenye selimundu kwa kuwa mtoto "ni mzima". Utamweleza nini, kwa maneno yako mwenyewe?